Paa la Mawe la Mkunazini
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee na walimu wa Zuzu)

Leo twataka kuwaeleza habari za kanisa la Mkunazini, Unguja. Hatusemi habari za dini, bali habari za ujenzi. Maana kila ajengaye nyumba pana hukutana na swali moja: paa litashikwa na nini?

Ninyi wa Ugogo mnalo jibu lenu. Paa la tembe ni la boriti na fito, na udongo juu yake. Na kwa kuwa udongo ni mzito, mwasimamisha nguzo ndani ya nyumba. Watu wa pwani wanalo jibu la pili: paa lao la mawe na chokaa hulala juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo ni fupi, vyumba vyao vya kale ni virefu lakini vyembamba. Waingereza wa zamani, walipojenga makanisa ya vijiji vyao, walikuwa na miti mirefu ya mwaloni. Maseremala wakaiunganisha pembe tatu, ikavuka toka ukuta hata ukuta.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwezi wa Juni 1873, kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza. Siku ya Krismasi mwaka ule ule liliwekwa jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale walipouzwa watu. Misafara ya kwenda pwani ilipita katika nchi hii ya Ugogo, na watumwa walikuwamo; basi habari hii si ya watu wa mbali.

Unguja hapakuwa na mwaloni, wala boriti za mikoko hazingefika. Askofu Edward Steere akakata shauri kujenga paa la mviringo, mfano wa nusu ya pipa, kwa matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji. Wengi walisema litaanguka. Hofu yao ilikuwa na sababu, kwani paa la namna hii halikandamizi chini tu, bali husukuma kuta nje. Kuta zisipokuwa nene na imara, hufunguka. Krismasi ya 1877 watu walisali ndani kabla jengo halijamalizika. Steere alifariki 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Paa lake lingali limesimama.

Yasimuliwa pia kwamba nguzo fulani za ndani zilisimamishwa kichwa chini, Askofu akiwa hayupo, kwa kuwa mafundi hawakupata kuona nguzo za namna ile. Fundi aambiwaye kazi bila kuelezwa sababu yake hana kosa.

Basi, mtakapojenga darasa au baraza, ulizeni kwanza upana wa chumba, kisha uzito wa paa, ndipo mpime unene wa ukuta. Wala msidhani jiwe halihitaji kutunzwa: hata kanisa lile, kwa unyevu na chumvi ya pwani, lilihitaji matengenezo makubwa katika miaka ya 2010. Paa la udongo nalo litazamwe kila mwaka kabla ya masika. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.