Nchi Zisizo Katika Ramani



Mwanafunzi mmoja wa Kisawasawa, katika bonde la Kilombero, alikunjua ramani akaitafuta nchi ya Kusadikika. Akaiona Ifakara, akaiona milima ya Udzungwa iliyo juu ya kijiji chake, akaufuata mto Kilombero hata unapokutana na Luwegu ukawa Rufiji; lakini Kusadikika hakuiona. Akamwendea mwalimu wake, akamwuliza, "Bwana Mwalimu, ikiwa nchi hii haipo, je, habari zake ni za bure?" Swali hili si la kitoto, nami leo napenda kulijibu.

Kwanza tuelewane. Ziko hadithi ziwezazo kuitwa za kukisia. Kazi yake ni kuuliza, "Ingekuwaje kama watu wangeishi kwa namna nyingine?" kisha kulifuata jibu hata mwisho wake. Wengi hudhani kwamba kila hadithi ya nchi isiyokuwapo ni ya namna hiyo. Mimi nasema, la. Jina la kubuni peke yake halitoshi.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Mtu atunge habari za wakulima wawili wa mpunga wa Kisawasawa waliogombania mpaka wa shamba, kisha alifute jina la Kisawasawa, aandike "Nchi ya Mawingu". Amegeuza nini? Ugomvi ni ule ule. Lakini mwingine na aliache jina la kijiji mahali pake, aseme: kila mwaka mto ukiisha kufurika, sheria hufuta mipaka yote, na mashamba hugawanywa upya kwa kura. Hapo yatupasa kufikiri. Nani atapanda mwembe? Nani atatia samadi katika shamba ambalo mwakani litakuwa la mwenziwe? Hiyo ndiyo hadithi ya kukisia, ijapokuwa mahali pake twapajua.

Basi, Kusadikika je? Kitabu hicho cha Shaaban Robert kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ilipokuwa ingali chini ya Waingereza. Nchi yenyewe iko angani. Huko Karama ashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Wako wasomaji wasemao kwamba anga ni pazia tu, na nyuma yake wamo watawala wa siku zile. Hawakukosea, lakini hayo si yote.

Karama ajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe 6, waliotumwa pande 4 za dunia, na mbinguni, na ardhini. Kila mmoja alirudi na habari za mambo mema yaliyoweza kuifaa nchi yake, na kila mmoja akatiwa kifungoni.

Angalieni jambo hili. Kosa la wajumbe lilikuwa nini? Waliwaambia watu wao kwamba yawezekana kuishi kwa namna nyingine. Hilo ndilo lile swali la "ingekuwaje", na kwa ajili yake walifungwa. Karama aliposhinda, wajumbe nao wakafunguliwa. Kwa hiyo Kusadikika ni hadithi ya kukisia kweli kweli. Si kwa kuwa iko angani, bali kwa kuwa yatulazimisha kuzipima sheria tulizozizoea. Hata Mwingereza Thomas More, alipotunga habari za kisiwa cha Utopia mwaka 1516, alikipa jina la Kiyunani ambalo maana yake ni pasipo mahali. Lakini watu wa nchi yake walijua kwamba wanaulizwa wao.

Basi, mwanafunzi wa Kisawasawa, ikunje ramani yako. Usomapo hadithi ya nchi ya kubuni, usiulize iko wapi. Uliza: huko limegeuzwa jambo gani, na mimi hapa kijijini yanipasa kufikiri nini? Usipopata jibu, labda umesoma jina jipya tu.