Tumeizunguka Uluguru kwa Baiskeli



Tulitoka Bigwa alfajiri kwa baiskeli, tukapita Kiroka hadi Matombo, kuiona Uluguru upande wa mashariki. Kwenye vilima tulishuka tukasukuma. Akina mama wenye mikungu ya ndizi kichwani wakatupita wakitucheka.

Vijito tulivyovuka vyote vinaishia mto Ruvu, unaowapa maji ninyi mlioko Dar es Salaam. Lakini tumeona mashamba yamefika hadi ukingoni mwa maji, miti imekwisha. Tukinyamaza, mabomba yatakauka huku na huko.

Michango ya leo ni ya miche ya kando ya vijito. Safari ijayo twendeni wote. Asiye na baiskeli achangie miche.