Ndege Yetu Bado Iko Kabatini
Vijana wetu wa Riruta Satellite wameunda ndege ndogo ya kuongozwa kwa redio, mfano wa zile Cessna tunazoziona zikishuka Wilson. Vipande vilinunuliwa vimekatwa tayari. Ubao wake, balsa, ni mwepesi sana. Ukimwaga gundi ovyo umeongeza uzito wa bure. Halafu ipimwe: iinueni kwa vidole viwili chini ya mabawa, kama robo ya upana wa bawa kutoka mbele. Mkia ukilala, sogezeni betri puani. Ndege ya mkia mzito haishikiki hewani, na pesa za kikundi zitaishia mtaroni! Lakini jamani, Wilson ni jirani, na ndege zile zina watu. Mpaka Mamlaka ya Usafiri wa Anga itupe ruhusa, yetu hairuki.