Mswada wa Pili Mkobani: Mwandishi Mpya wa Eastlands na Makongamano ya Waandishi

Mada iliyowasilishwa katika semina ya waandishi chipukizi, Makadara, Nairobi



Nimepewa kumzungumzia mwandishi aliyetoa kitabu chake cha kwanza, akaalikwa au akajialika kwenye kongamano la waandishi. Hoja yangu ni moja: kitabu kilichokwisha toka si sababu kubwa ya kwenda huko. Sababu ni kile kinachofuata. Anayetoka Umoja au Kayole na mzigo wa nakala za kuuza, bila ukurasa hata mmoja wa kazi mpya, atarudi mtaani na mzigo ule ule umepungua kidogo, pamoja na beji ya kutundika ukutani.

Mfano mkubwa tunao hapa hapa Afrika Mashariki. Juni 1962, Makerere, Kampala, palifanyika mkutano wa waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza. Chinua Achebe alikuwepo, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Ezekiel Mphahlele. Kutoka Kenya walikuwepo Grace Ogot na Rebeka Njau. Ngũgĩ wa Thiong'o, enzi hizo akijulikana kama James Ngugi, alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho, na kilichompatia mwaliko ni hadithi fupi chache tu. Lakini alikuwa na mswada. Akamkabidhi Achebe, Achebe akausoma, akampa maoni, kisha akaupigia debe kwa wachapishaji wa Heinemann. Mwaka 1964 ukatoka kwa jina la Weep Not, Child. Ukumbini wakubwa walibishana fasihi ya Kiafrika ni ipi, na ubishi ule haujaisha hadi leo. Kwa kijana yule, jambo lililobadilisha maisha lilifanyika pembeni, kati ya watu wawili na bunda la karatasi.

Kisa hiki husimuliwa kwa utamu mwingi kuliko kinavyostahili. Kwanza, Ngũgĩ alikuwa pale pale chuoni. Mkutano ndio uliomfuata, hakulipa nauli. Pili, mlango wenyewe ulikuwa na bawabu, na bawabu alikuwa lugha. Shaaban Robert, aliyefariki mwezi huo huo wa Juni 1962, hakualikwa, kwa kuwa vitabu vyake vilikuwa vya Kiswahili. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulieleza hilo baadaye kama dosari kubwa ya mkutano ule.

Umbali na lugha: hivyo viwili ndivyo vinavyotusumbua sisi wa Eastlands hadi sasa.

Chukueni Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, yanayoandaliwa na Chama cha Wachapishaji Kenya, kwa kawaida mwezi wa Septemba, Sarit Centre, Westlands. Ukitoka Buruburu unapanda matatu ya 58 hadi tao, unakata mitaa kwa miguu, unapanda nyingine. Chakula cha kule kina bei ya kule. Ukiingia, utaona vitabu vya kiada vimepangwa mbele, kwa sababu ndivyo vinavyolipa mishahara ya wachapishaji, na diwani yako ya hadithi iko rafu ya chini, nyuma ya bango la Gredi ya Nne. Usipoteze siku ukinung'unikia rafu. Muulize mtu wa kibanda ni saa ngapi mhariri wa fasihi atakuwepo, kisha mrudie mapema, kabla mabasi ya shule hayajashusha watoto. Mara nyingi hapo ndipo mhariri ana dakika za kumsikiliza mtu asiyemjua.

Na mkikaa kuzungumza, msiogope habari za pesa. Sisi wa mtaani tunajua kubishana na konda kwa shilingi kumi, lakini mkataba wa kitabu tunautia sahihi kwa heshima kama cheti cha ndoa. Mrabaha wa asilimia 10 unasikika vizuri mpaka uulize: asilimia 10 ya nini? Tuseme kitabu ni Sh500 na duka linapewa punguzo la asilimia 35. Mrabaha ukihesabiwa kwa bei ya dukani, unapata Sh50 kwa nakala. Ukihesabiwa kwa kile kinachomfikia mchapishaji, ni Sh32.50. Uliza pia nani ana haki ya tafsiri na ya filamu, na taarifa ya mauzo inakuja lini. Mwandishi aliyekutangulia kwa vitabu vitatu au vinne atakujibu haya kwenye foleni ya chai kwa uwazi ambao hutaupata jukwaani.

Kuhusu nakala za bure nitasema kidogo tu. "Wewe si ni mtu wetu, nitoe moja basi." Mtu wetu ndiye anayepaswa kununua. Mpe nambari ya till.

Lugha ndiyo inayoniuma zaidi. Nimewahi kukaa kwenye jopo ambapo mwelekezi alitutambulisha kwa Kiingereza, akauliza kwa Kiingereza, kisha dakika za mwisho akaniomba nisome "kitu kifupi cha Kiswahili" ili ukumbi uchangamke. Ushauri wangu ni kwamba ujibu kwa lugha uliyoandikia tangu swali la kwanza. Ukumbi wa Nairobi unakuelewa. Jarida la Kwani?, lililoanza 2003, liliipa hata Sheng kurasa zake, na tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell ilipokea miswada ambayo haikuwa imechapishwa. Kwa hiyo wa kuusoma mswada wako wa Kiswahili hajakosekana.

Narudi kwenye umbali, maana hapo tuna la kufanya: kumbi tunazo karibu. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa 1931 kwa ajili ya wazungu. Matawi yake mawili leo yako upande wetu, Kaloleni na hapa Makadara, na yote yamekarabatiwa na Book Bunk, shirika lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Wachapishaji wengine, Longhorn kwa mfano, wana ofisi Industrial Area, mwendo wa miguu kwa mtu wa Kaloleni aliyezoea kutembea.

Napendekeza basi tuwe na kikao chetu kila muhula wa shule, Kaloleni safari hii na Makadara ijayo. Tualike wahariri wawili tu. Kila mwandishi atume kurasa kumi za kazi ambayo haijachapishwa wiki mbili kabla, ili wahariri waje wamezisoma, na kusiwe na hotuba ya mheshimiwa yeyote. Wahariri tuwalipie usafiri na chakula cha mchana. Gharama za kuchapa kurasa, kwa maoni yangu, zibebwe na wenye miswada, tusikae kungoja mfadhili. Najua wapo hapa wasiokubaliana nami kuhusu hilo la mwisho, na mwenyekiti ametutengea nusu saa ya kulijadili.