Nyonga ya Simiti au Isiyo na Simiti: Kamati ya Harambee Iulize Nini?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Kitengela na Kajiado)

 

Leo tuna jambo moja tu. Vikundi vimetuletea swali hili zaidi ya mara moja, nalo huja hivi: mzee ameanguka nyumbani, nyonga imevunjika, daktari amesema atawekewa nyonga ya bandia. Familia inaambiwa ziko aina mbili, ile inayoshikizwa kwa simiti na ile isiyotumia simiti. Hiyo ya pili ni ghali zaidi. Basi kamati inakaa na kuamua, "Mzazi wetu hawezi kuwekewa ile ya bei ya chini." Tarehe ya harambee inasogezwa wiki mbili, wiki tatu, ili pesa zitoshe. Nia ni njema kabisa. Lakini mzee yuko kitandani akingojea kitu ambacho pengine hakimfai.

Tueleze kwanza kazi yenyewe. Nyonga ni pale ambapo kichwa cha mfupa wa paja huzunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Daktari hukiondoa kile kichwa kilichoharibika, huingiza shina la chuma katika uwazi wa mfupa wa paja, na juu ya shina huweka kichwa kipya. Mara nyingine hubadilisha kikombe pia, mara nyingine kichwa peke yake. Sasa, lile shina litashikwa na nini lisichezecheze? Hapo ndipo njia zinapoachana.

Simiti sisi wa Kitengela tunaijua; viwanda vya Athi River ni majirani zetu. Lakini simiti ya mfupa si ile ya mfuko. Ni plastiki ya akriliki, ya ukoo mmoja na ile inayotengenezewa meno ya bandia. Huja ikiwa unga na maji yake mbalimbali. Huchanganywa palepale chumba cha upasuaji ikawa kama uji mzito, hujazwa ndani ya mfupa, shina likaingizwa, na kwa kama dakika 10 au 15 imeshakuwa ngumu. Tena si gundi, watu wengi hukosea hapo. Haibandiki chuma kwenye mfupa. Huingia katika vitundu vidogo vidogo vya mfupa na kujaza nafasi yote, kama nguzo ya ua iliyomiminiwa zege shimoni. Mara nyingi hutiwa na dawa ya kuua vijidudu ndani yake. Aliyeieneza njia hii ni daktari Mwingereza, John Charnley, wa hospitali ya Wrightington. Alianza kuitumia simiti hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950, na nyonga yake ya mwaka 1962 ndiyo mama wa nyingi zinazotumika leo.

Njia ya pili ni kama kigingi kinachogongwa katika tundu la gogo mpaka kikaze. Shina lisilo na simiti huwa na ngozi ya kukwaruza, wakati mwingine limepakwa madini yanayofanana na ya mfupa wenyewe. Kwa muda wa wiki nyingi mfupa ulio hai hukua na kuingia katika ile mikwaruzo, na hapo chuma na mfupa hushikana. Ni ufundi mzuri sana, hatuupingi. Ila kila aliyewahi kugonga kigingi anajua: gogo imara hukishika, gogo lililochakaa hupasuka. Na mfupa wa yeyo wa miaka 80 umekuwa mwembamba, umepungua nguvu tangu siku zake za mwezi zilipokoma.

Haya si maneno ya kubahatisha. Mwaka 2022 Uingereza ilitangaza matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,225 wenye miaka 60 na zaidi, waliovunjika nyonga na kubadilishiwa kichwa cha mfupa. Karibu nusu walitiwa simiti, wengine hawakutiwa. Baada ya miezi minne wale wa simiti walikuwa na maisha yenye nafuu zaidi. Mfupa kuvunjika tena kando ya chuma kulitokea kwa watu kama 5 katika kila 1,000 wa simiti, na kama 21 katika kila 1,000 wa njia ile nyingine. Basi kwa mzee aliyevunjika nyonga sisi tunasema wazi: ile ya bei ya chini si ya kimaskini. Mara nyingi ndiyo inayomfaa.

Simiti nayo ina hatari yake, tusifiche. Inaposukumwa ndani ya mfupa, wagonjwa wachache hushuka presha ghafula, hasa wenye moyo au mapafu dhaifu. Kwa hiyo mwambieni daktari magonjwa yote ya mzee, hata yale ambayo mwenyewe huyaficha.

Kwa kijana mambo hubadilika. Mtu wa miaka 40 ambaye kichwa cha mfupa kimekufa kwa kukosa damu, kwa ajali ya boda boda au kwa ugonjwa wa selimundu, mfupa wake bado una nguvu ya kukua. Kwake njia isiyo na simiti ni chaguo zuri, na ikibidi kurudia upasuaji miaka ya mbele, hakutakuwa na simiti ya kubanduliwa, kazi ambayo ni ngumu na ya saa nyingi. Katika miaka ya 1980 simiti ililaumiwa kwa kila nyonga iliyolegea. Baadaye ilionekana kwamba zisizo na simiti nazo zililegea, na mkosaji mkubwa alikuwa unga wa plastiki uliokuwa ukilika kwenye kikombe! Hesabu zilizotolewa mwaka 2019 zinasema katika nyonga bandia 100, kama 58 hudumu miaka 25. Wako pia madaktari wanaochanganya, shina kwa simiti na kikombe bila simiti.

Sisi si madaktari wa mifupa. Anayeamua ni yule anayeiona picha na mwenye mkono uliozoea njia yake. Lakini kamati ina haki ya kuuliza: kwa nini njia hii kwa mtu huyu? Daktari ameifanya mara nyingi? Bei ni ya chuma peke yake au na kitanda na dawa? Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo, ni SHA. Hakikisheni mgonjwa amesajiliwa na mchango umelipwa, kisha ulizeni kabla ya upasuaji SHA italipa kiasi gani na kama chuma kimo.

Nyonga ikivunjika msimpeleke mzee kukandwa kwanza. Mwongozo wa Uingereza unataka apasuliwe siku ileile au ya pili yake. Huku kwetu safari ya Kikuyu, Kijabe au Kenyatta peke yake inaweza kula siku hiyo, lakini wiki tatu za kungojea harambee ni jambo lingine. Mtu aliyelala hupata vidonda vya mgongoni, homa ya mapafu na damu kuganda miguuni. Pesa zilizopo zikitosha njia ya simiti, na daktari anakubali, mzee apasuliwe. Harambee inaweza kufuata na kulipa deni.

Mwisho, siku ya kutoka hospitali ombeni karatasi yenye jina na namba ya chuma alichowekewa. Mwenye nyumba abaki na nakala, na katibu wa kikundi aweke nyingine kwenye faili. Miaka 15 ijayo daktari mwingine akitaka kukibadilisha, kitu cha kwanza atakachouliza ni hiyo karatasi.