Piano Yetu ya Kitale

Leo hatutasoma sura ndefu. Mkipata nafasi fungueni Zaburi ya 150, pale vyombo vya muziki vinapoitwa kimoja kimoja kama wanafunzi asubuhi, na mwisho huitwa kila chenye pumzi. Tunataka kuwapa habari ya pumzi, na pamoja nayo habari ya aibu yetu wenyewe.

Katika kanisa letu hapa Kitale tunayo piano kuukuu, iliyoachwa na familia moja ya walowezi walipouza shamba lao. Ndani ya piano mna nyuzi zaidi ya 200 za chuma, na mvuto wake wote ukijumlishwa ni tani nyingi. Hewa ya mvua ikija, mbao huvimba. Kiangazi kikija, hujikunja. Na nyuzi hulegea pole pole. Ndiyo sababu fundi hutakiwa kuja angalau mara moja kwa mwaka kuzilinganisha sauti. Yetu ilikuwa haijaguswa kwa miaka sita.

Fedha zilikuwapo. Mama mmoja mjane, muuza mboga sokoni, alizileta katika bahasha akasema, "Hizi ni za fundi wa piano." Tukapokea, tukaandika kitabuni. Kisha ikaja harusi kubwa, viti vikapungua, nasi tukanunua viti vya plastiki. Tukaambiana kwamba tutazirudisha. Ninyi mliowahi kukaa katika kamati yoyote mnajua neno hilo huishia wapi.

Basi, mwaka jana binti mmoja wa Bungoma alitupigia simu. Alikuwa anamaliza masomo ya muziki katika chuo kikuu huko Nairobi, na kabla ya kumaliza ni lazima mwanafunzi asimame mbele ya walimu na wageni apige muziki kwa muda wa saa nzima hivi, huku mwenzake akimsindikiza kwa piano. Chombo chake ni obo. Alitaka kuipiga programu yake mbele ya watu wa nyumbani kwanza, ili hofu imtoke. Akauliza, "Je, piano yenu iko sawa?" Nasi tukamjibu, "Iko sawa kabisa."

Wengi wenu hamjaiona obo. Ni ndugu yake zumari, ile ipigwayo pwani katika ngoma na harusi. Kama zumari, haina mdomo wa chuma wala tundu la kupulizia kando. Ina ulimi wa vipande viwili vyembamba vya tete vilivyofungwa pamoja, navyo hutetemeka kati ya midomo ya mpigaji. Obo tuijuayo leo ilitengenezwa Ufaransa katika karne ya 17, lakini mwili wake mweusi mara nyingi ni mpingo, mti wa kwetu, ambao sehemu kubwa hutoka kusini mwa Tanzania. Mti mzito hata ukitupwa majini huzama. Hukatwa kule Kilwa na Lindi, husafirishwa Ulaya, kisha hurudi Afrika ndani ya kisanduku chenye kitambaa laini, na bei yake hatuthubutu kuitaja redioni. Binti yetu aliazima ya chuo.

Alikuja Jumamosi asubuhi na baba yake kwa matatu, kupitia Webuye, Kamukuywa na Kiminini. Mzee huyo ni mpigaji wa litungu tangu ujana wake. Aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya karo, na majirani walimwuliza kama binti atakula filimbi. Hakuwajibu, lakini twaamini swali hilo alikuwa amekuja nalo Kitale.

Mwalimu wetu mstaafu, mama apigaye piano siku za ibada, akaketi. Katika okestra, wasikilizaji, ni obo itoayo sauti iitwayo A, na wengine wote, hata wenye fidla na matarumbeta, hujipima kwayo, maana sauti yake ni thabiti na husikika wazi. Lakini ikikutana na piano mambo hugeuka. Piano haiwezi kushuka wala kupanda pale pale. Obo ndiyo imfuate mwenzake. Mwalimu akagusa A. Binti akapuliza A yake. Tukasikia sauti mbili zikigombana kama majirani kwenye mpaka wa shamba.

Binti hakusema neno. Alijaribu kuuvuta ulimi utokeze kidogo ili sauti ishuke, haikutosha. Tena kulikuwa na taabu nyingine. Ndimi zake alizichonga nyumbani Bungoma, mahali palipo kama mita 1,400 juu ya bahari, nasi hapa Kitale tuko karibu mita 1,900. Na tete huujua mlima, huwa gumu. Basi akatoka nje, akakaa chini ya mti na kisu chake kidogo na kipande kipya cha tete, akachonga ulimi mwingine, mrefu kuliko kawaida, akiupuliza, akiuchonga tena, muda wa saa mbili na zaidi. Baba yake akakaa karibu naye. Sisi wa kamati tulipita pale tukijifanya tunapanga viti.

Saa nane akasimama kupiga. Alianza na nyimbo tatu za Robert Schumann wa Ujerumani, za mwaka 1849. Wapigaji wa obo huziogopa, kwa kuwa mtunzi karibu hakuwaachia mahali pa kupumua. Na hapa ndipo tulipojifunza jambo. Tulidhani shida ya mpigaji ni kuishiwa na hewa. Sivyo. Tundu la ule ulimi ni dogo mno, hewa hutoka kwa taabu, na ile ibakiyo mapafuni huchakaa hata mtu akasikia kizunguzungu kifua kikiwa kimejaa. Kwa hiyo mpigaji hana budi kutoa pumzi ya zamani kwanza, ndipo avute mpya. Tulimwona akifanya hivyo: pumzi nje, pumzi ndani, kwa nukta moja, kisha aendelee. Wengine wetu tuliinamisha vichwa, na si kwa sababu ya maombi.

Kisha akapiga sonata ya Camille Saint-Saëns, aliyoiandika mwaka 1921 akiwa na miaka 85, mwaka ule ule aliofariki huko Algiers. Mwishoni vidole vya Mwalimu wetu vilichelewa mara mbili, na binti akamngoja bila kugeuka. Muziki wote ulikaa chini kidogo ya mahali pake, lakini ulikaa pamoja.

Watu walipiga makofi sana. Mzee akaenda kwenye piano, akagusa ufunguo mmoja, akasema bila hasira, "Hii imelala. Mtoto wangu ameishukia alikolala." Mtu wa litungu hafichwi jambo la nyuzi.

Ndipo yule mama mjane, aliyekuwa ameketi mstari wa pili juu ya kiti cha plastiki, akauliza kwa upole, "Kwani fundi alikuja lini?"

Kukawa kimya. Tungeweza kusema habari za mvua. Mweka hazina akatutazama, nasi tukatazama sakafu. Halafu akasimama, akasema mbele ya mgeni na mbele ya watoto: "Mama, hakuja. Fedha zako tulinunulia viti. Na huyu binti tulimwambia uongo." Sisi wengine tukasimama mmoja mmoja, kwa kuwa hayakuwa ya mweka hazina peke yake.

Mama akakiangalia kiti alichokalia. "Basi aje kabla ya mvua," akasema.

Changizo lilifanyika pale pale, na mzee wa Bungoma akatoa shilingi 200 ingawa tulimkataza. Fundi alikuja kutoka Eldoret kabla ya mvua ya masika, akakaa siku mbili, maana piano iliyoshuka hivyo haipandishwi kwa mara moja, nyuzi hukatika. Mama alimletea chai siku zote mbili, akakaa kusikiliza akigonga sauti ile ile mara mia.

Binti alifanya mtihani wake Nairobi akafaulu. Kule piano ilikuwa sawa, ule ulimi mrefu haukumfaa. Ameahidi kuja tena Desemba, na safari hii hatukumwambia lolote juu ya piano mpaka Mwalimu alipoipiga kwenye simu, naye akasikia mwenyewe.