Radiateri ya mafuta kwa pikapu yetu
Mazungumzo kwenye mkutano wa wanachama, Bukavu

Wafadhili nao watasoma maneno haya, basi nitaongea wazi.

Mnaijua pikapu yetu, ile Hilux ya zamani ya mazutu. Wengi wenu mlirudi nyumbani na mizigo juu ya gari kama hiyo. Ikitoka Kamanyola, kwenye meta 900 hivi, inapanda Ngomo kwa vitesi ya kwanza ikielekea Bukavu, meta 1.500, na mihogo na watu juu. Hapo mafuta ya moteri yanapata moto sana. Yakipita digrii 120 kwa muda mrefu yanaharibika, hayalindi tena vyuma. Moteri ikikufa, sanduku yetu haitatosha kununua ingine. Na wagonjwa wa kule chini watabebwa na nani?

Kuna wenye kusema tununue radiateri kubwa ya okazioni, iliyotolewa kwenye gari iliyovunja moteri. Bei ni ndogo, kweli. Mimi nakataa. Moteri ikivunjika, unga wa chuma unaingia ndani ya radiateri, na hata uioshe na esanse mara kumi, hautoki wote. Siku moja utaingia kwenye moteri yetu. Afazali ndogo, lakini mpya.

Tuchague ile ambayo mapezi yake yameachana kidogo, juu ya vumbi na matope. Ifungwe mbele ya radiateri ya maji, pale ventilateri inavuta hewa, maana kwenye mlima gari inaenda polepole, upepo hakuna. Chini ya bampa, hapana: mawe. Iwe pia na termostati yake, yenye kufungua karibu digrii 80. Asubuhi za Bukavu ni baridi, na mafuta yakibaki mazito nayo ni hasara.

Pesa nyingi mimi ningeiweka kwenye mipira. Iwe ya mafuta yenye presio, isiwe ya maji. Ikipasuka, moteri inabaki kavu mbele dereva asimamishe gari.

Lakini kwanza, fundi afungue radiateri ya maji, aisafishe, aangalie na ventilateri. Mara nyingi ugonjwa uko pale. Kiisha tupande Ngomo na mzigo, na kipimo cha moto kwenye mafuta. Nikiwa na dereva tutaandika namba. Kama moto umeshuka, hatununui kitu, na wafadhili tutawaandikia kwamba pesa yao ingali kwenye sanduku.